King'amuzi cha kurekodi: mpe mama rimoti kwanza ndo ulipe

Watu wangu wa Moshi na Arusha mnaotafuta king'amuzi cha kurekodi, kila mtu naona anauliza kinabeba GB ngapi, kina chaneli ngapi, mimi nasema swali la kwanza ni moja tu, yule atakayebaki nacho nyumbani ataweza kurekodi bila kukupigia simu?

Kwetu Kibosho mama jioni yuko kwenye mazoezi ya kwaya, taarifa ya habari ya saa 2 ikimpita ndo imempita, kwa hiyo kurekodi kwake si anasa kabisa. Sasa king'amuzi chake ukibonyeza kitufe chekundu kinarekodi kinachoonyeshwa muda huo huo tu, ukitaka cha baadaye uingie kwenye menyu, ujaze chaneli, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mara moja au kila siku, yote kwa Kiingereza, na saa uandike 20:00. Mtu wa miaka sabini na kitu unamtesa bure! Tafuta chenye ratiba ya vipindi kwenye skrini, unashuka na mshale mpaka kwenye kipindi, unabonyeza, basi, muda kinajijazia chenyewe.

Halafu hakikisha fundi ameweka saa ya king'amuzi GMT +3, yaani saa za kwetu Tanzania. Akiiacha kwenye sifuri, ukiseti 20:00 kitaanza kurekodi saa 5 usiku, utakuta tamthilia badala ya habari na mama atadhani kaharibu yeye.

Vingi vya bei nafuu vinarekodi kwenye flashi na hapo napo pana mambo. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (namna ya kupanga mafaili kwenye flashi) faili moja halizidi GB 4, mechi ya HD inaweza kupita hapo, kuna ving'amuzi vinaigawa vipande na vingine vinakata katikati, na flashi ya slo picha inakwamakwama. Kama bajeti inaruhusu chukua chenye hard disk ndani, hakuna cha kuchomoa wala cha kupotea. Tena ulizia kama kina tyuna mbili (tyuna ndo inayokamata chaneli) maana nyumba yenye tyuna moja habari ikirekodiwa watoto wanaotaka mpira wa chaneli nyingine ndo ugomvi unaanza, na mara nyingi anayeachia ni mama.

Na umeme wetu huu mnaujua. Dukani mwambie muuzaji akuwashie, seti kipindi cha dakika kumi mbele, chomoa waya, rudisha, uone kama kimekumbuka na kama kimewaka chenyewe au kimelala kinasubiri rimoti. Kama mama anaweza kufika mjini mwende wote aseti yeye, wewe kaa pembeni usimguse mkono. Muuzaji akikataa kuwasha, achana naye, maduka Moshi mjini yapo mengi.