Kabla ya Kulipia Kitabu cha Pennant, Hesabu Picha

Anayeuliza bei ya *A Tour in Wales*, kitabu cha Thomas Pennant, huonyeshwa kwanza jalada: ngozi, dhahabu mgongoni. Jalada linaweza kusubiri. Kwa sisi tunaopenda ngome, abasia na makanisa ya kale ya Wales, uzito wa kitabu hiki umo katika picha zake, zikiwa bado mahali pake kando ya maandishi.

Pennant alikuwa tajiri mwenye ardhi wa Downing, Flintshire, kaskazini mwa Wales. Mwaka 1769 alimwajiri Moses Griffith, kijana wa rasi ya Llŷn aliyejifunza kuchora mwenyewe, na michoro yake mingi ikachongwa kwenye sahani za shaba za kuchapia. Picha hizo ni ushahidi wa jinsi majengo yalivyokuwa. Chukua Conwy, mji wenye ngome: daraja la mhandisi Telford lililegemezwa kwenye ngome mwaka 1826, kisha reli ikapita hapo mwaka 1848 na ukuta wa mji ukatobolewa. Pennant na Griffith walipita kabla ya hayo yote. Kadhalika ngome ya Caernarfon, waliiona kabla ya matengenezo makubwa ya karne ya 19.

Mtego wa kwanza ni mwaka. Ukurasa wa kichwa una MDCCLXX, yaani 1770, na wauzaji wengine huuandika kuwa mwaka wa kuchapwa. Huo ni sehemu ya jina la kitabu. Tarehe ya uchapaji iko chini ya ukurasa: juzuu ya kwanza ilitoka 1778, sehemu ya safari ya mlima Snowdon ikafuata 1781, na toleo jingine likatoka 1784. Kwa hiyo seti nyingi zimeunganishwa kutoka matoleo tofauti. Si kosa, mradi muuzaji aseme na bei ifuate. Toleo la 1810 ni la umbo dogo, juzuu tatu. Lisiuzwe kwa bei ya lile la kwanza.

Sasa picha. Ikiwa juzuu ina orodha yake, ifuate moja baada ya nyingine. Kisha linganisha na nakala kamili ya maktaba, kwa sababu picha za nyongeza zilitolewa kando na mjalidi aliziweka alipoelekezwa na mwenye kitabu. Tazama pia kurasa zinazokabiliana. Wino wa picha huacha kivuli hafifu kwenye ukurasa wa mbele yake, basi ukikuta kivuli cha mnara na mnara wenyewe haupo, picha imeng'olewa. Kipande chembamba cha karatasi karibu na mshono hakitoshi kuwa ushahidi, maana wajalidi hubandika picha kwenye vipande kama hivyo. Lakini kikiwa na ukingo mweupe, uliokatwa juzi juzi, kinasema wazi.

Picha ya shaba huacha mbonyeo wa sahani kuzunguka mchoro. Upapase kwa kidole kisafi na kikavu, ukikumbuka kwamba mjalidi huenda aliupunguza alipokata kingo. Inua karatasi kwenye mwanga: ya zama hizo kwa kawaida huonyesha mistari ya kichujio kilichotumika kuitengeneza. Mistari ya kivuli ndani ya mchoro ikiwa imefifia, sahani ilikuwa imechakaa. Na rangi? Picha hizi zilichapwa kwa wino mweusi. Rangi nyingi zilipakwa baadaye ili ziuzike ukutani, nami siwezi kuziita nyongeza ya thamani.

Ninapinga kabisa biashara ya kukata vitabu hivi na kuuza picha moja moja. Mkataji hupata faida, lakini picha ya abasia ikitengwa na maelezo ya Pennant hupoteza nusu ya inachosema, na nakala kamili hupungua kwa moja daima. Anayetaka kutazama tu aende kwa Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth: nakala ya Pennant mwenyewe, juzuu 8 zilizojazwa michoro ya ziada, inaonekana bure kwenye intaneti.

Ukishanunua, unyevu uwe kati ya asilimia 45 na 55. Ukizidi 65 kwa muda mrefu kuvu huanza, na madoa ya kahawia huongezeka. Ngozi inayomomonyoka kuwa unga mwekundu usiipake mafuta, itaganda na kuwa nyeusi. Iweke kwenye sanduku lisilo na asidi. Mgongo ukilegea, ufunge kwa utepe wa pamba hadi umfikie mtaalamu. Gundi ya utepe wa plastiki hupenya karatasi na kuacha doa lisilotoka.