Spea ya kuchongesha ndani ya injini: inafaa wapi, inaponza wapi

Mwenye gari ambalo spea zake zimeadimika hujikuta kati ya kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema kwamba fundi mkerezaji aliyebobea anaweza kutengeneza kifaa chochote cha injini, na pengine kikawa imara kuliko kile kilichotoka na gari. Ya pili inasema kwamba injini ni kazi ya kiwanda, na kwamba chochote kinachochongwa pembeni kitaiua mapema. Nimezisikiliza kauli zote mbili kwa muda mrefu, na ninaloliona ni kwamba wasemaji wake wanabishana kuhusu mashine ya kukereza, yaani kama inaweza kulitoa umbo lile lile au haiwezi. Kwa kawaida inaweza. Ugumu uko kwenye mambo ambayo umbo haliyaonyeshi.

Historia inaweza kutajwa na kila upande. Injini za mwanzo zilichongwa moja moja, na kipande cha injini moja hakikukubali kuingia kwenye nyingine mpaka kipigwe tupa. Mwaka 1908, mbele ya wasimamizi wa klabu ya magari ya Uingereza, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa kabisa katika uwanja wa Brooklands, vipande vyake vikachanganywa, magari matatu yakaundwa upya kutoka kwenye lundo hilo bila kupiga tupa, kisha yakaendeshwa maili 500. Tangu hapo, anayenunua spea ya kiwandani ananunua uhakika kwamba kipande cha leo kinafanana na cha jana, na kwamba kile cha jana kilijaribiwa. Kipande cha kuchongesha hakina ndugu wa kufananishwa naye. Hata hivyo, watengenezaji wenyewe wamerudi kwenye kazi ya vipande vichache: Porsche ilipoamua kutengeneza upya mkono wa klachi wa modeli 959, gari lililoundwa kwa idadi ya 292 tu, iliuchapisha kwa leza kutoka kwenye unga wa chuma. Lakini haikuishia kwenye kuuchapisha, kwa sababu mkono huo ulibebeshwa mzigo wa karibu tani tatu, kisha ukapigwa picha za ndani kutafuta nyufa.

Wanaotetea kuchongesha wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Viwanda navyo hubana matumizi, na dalili yake ni nyumba za plastiki za thamostati (kifaa kinachoruhusu au kuzuia maji ya kupoza injini kulingana na joto), ambazo baada ya miaka ya kupata moto na kupoa hupasuka na kumwaga maji yote ya rejeta. Nyumba hiyo hiyo ikichongwa kwa alumini, ikawa na uso ulionyooka na mfereji sahihi wa oringi (pete ya mpira ya kuziba), inaweza kudumu kuliko ile ya awali. Tundu la plagi lililokwisha meno kwenye silinda hedi likitobolewa na kuwekewa meno mapya ya chuma cha pua, mara nyingi huwa imara kuliko alumini tupu iliyokuwapo. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ikichakaa huingizwa slivu (bomba jipya la ukuta wa silinda) na kuboriwa, yaani kutobolewa hadi kipimo sahihi, na hakuna fundi makini anayeliona hilo kuwa ni uchakachuaji. Vifaa hivi vyote vimetulia mahali pamoja. Kazi yake ni kuziba, kushika au kubeba mzigo usiobadilika sana, na vikifeli, aghalabu hutoa taarifa kwa kuvuja.

Hali hubadilika kifaa kinapoanza kwenda na kurudi. Pistoni ya gramu 400, pamoja na pini yake, katika injini ambayo pistoni husafiri milimita 86 kutoka chini hadi juu na inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, huivuta konrodi, yaani mkono unaoiunganisha na kranki (shafti kuu inayozunguka chini ya injini), kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 900 kila inapofika juu. Mwisho wa kutoa moshi, ambapo hakuna mgandamizo wa kuisukuma chini, konrodi huubeba mvuto huo peke yake, mara 50 katika kila sekunde. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Chuma kinachovutwa hivyo hakikatiki siku ya kwanza, huchoka. Ufa huanzia kwenye kona kali ya ndani au kwenye mkwaruzo ulioachwa na kisu cha mashine, nao hukua taratibu pasipo kuonekana. Kiwanda hufua konrodi zake ili chuma kishikamane vizuri, na huzungusha kona zake kwa makusudi. Kipande kilichokatwa kwenye nondo ambayo hakuna anayejua ni ya aina gani kinaweza kufanana na konrodi halisi kwa kila kipimo, na bado kisiwe konrodi.

Pistoni yenyewe inaonyesha vizuri jinsi kunakili kunavyodanganya. Alumini ya pistoni hutanuka takribani maradufu ya chuma cha kusubu cha ukuta wa silinda. Kichwa cha pistoni cha milimita 80 kikipanda joto kwa nyuzi 200 hutanuka kwa milimita 0.37 hivi, ilhali ukuta wa silinda ukipanda nyuzi 100 hutanuka kwa milimita 0.09 tu. Kwa hiyo pistoni ya kiwandani si duara kamili, wala haiko sawa kutoka juu hadi chini: kichwani ni nyembamba zaidi, na ukiitazama kwa juu ina umbo la yai kidogo mno kwa jicho kulitambua. Anayeipima kwa kalipa (kipimio cha upana) mahali pamoja kisha akakereza mcheduara ulionyooka atapata kifaa kinachoteleza vizuri injini ikiwa baridi, na kung’ang’ania ikipata moto.

Mfano unaonivutia zaidi ni puli ya mbele ya kranki, kwa sababu hapo anayechongesha ana sababu nzuri na bado anaweza kukosea. Puli ya kiwandani mara nyingi ni pete mbili za chuma zenye mpira katikati. Mpira huo ukichakaa, pete ya nje huanza kuyumba na mkanda kulia, na wengine huamua kuchongesha puli ya kipande kimoja cha alumini. Gari huchangamka kweli, maana injini imepunguziwa uzito wa kuzungusha, na kwa injini ambazo kiwanda chenyewe kiliziwekea puli isiyo na mpira hakuna kilichopotea. Lakini katika nyingine, mpira ule haukuwekwa kwa ajili ya mkanda. Kila silinda inapowaka huisokota kranki kidogo, nayo hurudi kama springi. Pete ya nje na mpira wake hutuliza mtikisiko huo. Kranki ndefu, kama ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, huuhisi zaidi. Ukiondolewa mtulizaji, bolti hulegea, gia za pampu ya oili inayoendeshwa na kranki hupasuka, na wakati mwingine kranki yenyewe hukatika. Kwa kuwa hayo yanaweza kutokea baada ya miezi mingi, lawama huiangukia oili au mtu wa mwisho kuigusa injini. Hapo mimi niko upande wa wanaokataa, na sababu zangu hazina uhusiano na ubora wa mkerezaji.

Kuna pia suala la sampuli. Mteja huleta kifaa kilichochakaa na kusema, “Nichongee kama hiki.” Shafti ya pampu ya maji iliyolika milimita 0.1 ikinakiliwa kwa uaminifu, beringi mpya itacheza juu yake tangu siku ya kwanza. Kipimo sahihi hutafutwa mahali ambapo beringi haikugusa, au kutoka kwenye beringi yenyewe, ambayo ukubwa wake uko kwenye majedwali. Joto nalo lina tabia yake. Vipimo vya uhandisi huhesabiwa kwa nyuzi 20. Shafti ya milimita 100 ikipimwa inatoka mashineni ikiwa na nyuzi 45 itaonekana kubwa kwa milimita 0.03, kisha itasinyaa ikipoa. Kiasi hicho kinaweza kuwa nusu ya nafasi yote ya oili iliyotakiwa kwenye beringi za kranki.

Kufunga ni kazi nyingine kabisa, ingawa wengi huiona kama kumalizia tu. Vumbi la chuma lililobaki kwenye njia ya oili huharibu beringi kabla gari halijatoka karakana. Fundi mvumilivu hulaza uzi mwembamba wa plastiki juu ya kranki, hufunga kofia ya beringi kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), huifungua tena, kisha hulinganisha upana wa uzi uliobonyezwa na vipimo vilivyochapishwa kwenye karatasi ya uzi huo. Mimi humwamini anayelirudia jambo hilo kwa kila beringi kuliko anayenionyesha jinsi kifaa kinavyong’aa.

Jambo moja dogo viwanda hulifanya na wachongaji wengi hulisahau. Pistoni iliyoongezwa ukubwa hugongwa namba kichwani, 0.25 au 0.50, na beringi za kranki iliyosagwa hubeba alama ya kiasi kilichopungua. Kifaa cha kuchongesha huingia ndani ya injini bila jina, bila aina ya chuma na bila kipimo, na siku injini itakapopasuliwa tena, aghalabu na fundi mwingine, huyo ataagiza spea kwa kufuata kitabu cha gari huku kilicho mbele yake ni kitu ambacho kitabu hakikijui.