Wale watoto wa Hawaii hawajaenda Ulaya kutalii

Jumapili tulikuwa mezani kwa shemeji yangu, nikawa nasimulia habari ya wanafunzi wa Hawaii wanaosafiri mpaka Ulaya kufuata nyayo za mababu zao, nasimulia kwa furaha kabisa, yeye akacheka akasema "Hawaii na Ulaya wapi na wapi? Si waseme tu wanaenda kutalii." Nikanyamaza maana kulikuwa na wageni, lakini neno lile limenikaa kooni wiki nzima na ndo maana naandika.

Wapi na wapi? Mwaka 1823 mfalme wao Liholiho, Kamehameha wa Pili, alipanda meli ya wawinda nyangumi yeye na mkewe Kamāmalu, wakakata bahari miezi na miezi mpaka Uingereza kwenda kuonana na Mfalme George IV. Hawakukamatwa wala kupelekwa kwa nguvu, walienda kama mfalme anavyomtembelea mfalme mwenzake. London nzima ikataka kuwaona, wachoraji wakawachora, wakakalishwa kwenye viti vya kifalme teatani. Halafu ikaingia surua. Surua hii hii ambayo mwanao anachanjwa kliniki akiwa na miezi 9 na jioni umeshasahau, kwao visiwani ilikuwa haijulikani, miili yao haikuwa na kinga yoyote. Malkia akafa tarehe 8 Julai 1824, mfalme akamfuata tarehe 14. Siku 6 jamani, na hakuna aliyekuwa amefika hata miaka 30, na huyo George mwenyewe walikuwa hawajaonana naye. Majeneza yakawekwa chini ya kanisa la St Martin-in-the-Fields katikati ya London mpaka meli ilipopatikana, mwaka uliofuata ndo wakafika kwao.

Sasa mtoto wa Hawaii wa miaka 17 akishuka ngazi za kanisa hilo anatalii nini? Anaenda msibani. Amechelewa miaka 200 lakini msiba ni wake.

Na hao sio peke yao. Kuna Haʻalilio, mjumbe wa mfalme wao, aliyezunguka Marekani na Ulaya kuutetea ufalme wao mpaka Uingereza na Ufaransa zikasaini tarehe 28 Novemba 1843 kwamba Hawaii ni nchi huru, akafia melini akiwa njiani kurudi. Halafu kuna wale wa Mfalme Kalākaua, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Kuanzia 1880 alichagua vijana, jumla 18, akawatawanya duniani kwa hela ya serikali yake: Italia, Uingereza, Uskoti, Japani, China. Alitaka wanajeshi, mainjinia, watu wa kuongoza nchi ambayo wafanyabiashara wa sukari walikuwa wameshaanza kuimezea mate. Mmoja, James Booth, aliuawa na kipindupindu Napoli mwaka 1884, mwanafunzi kabisa, mbali na mama yake. Mwenzake Robert Wilcox akasoma chuo cha kijeshi Turin, halafu 1887 mfalme akalazimishwa na watu wenye bunduki kusaini katiba ya kumnyang'anya madaraka, hela ya masomo ikakatwa, vijana wakaitwa nyumbani. Wilcox akajaribu kuyarudisha madaraka hayo kwa silaha 1889, ikashindikana. 1893 malkia aliyerithi kiti chake akapinduliwa, 1896 sheria ikasema shule zifundishe kwa Kiingereza. Yaani ndani ya miaka 10 hivi vijana waliosomeshwa ili wajenge nchi wakakuta nchi haipo, na watoto wao wakasomeshwa kana kwamba historia ya Hawaii ilianza siku Cook, yule baharia Mwingereza, alipotia nanga 1778. Hicho ndo wanachoenda kukifuta hawa wanafunzi, kwa miguu yao, mtaa kwa mtaa, ili mtoto aseme babu zetu nao walikuja huku, walisoma huku, walisaini huku, tena kwa jina la nchi yao.

Haya, nikubali, safari ni ghali na sio kila mtoto atapata nafasi, na ndiyo watapiga selfi. Wapige.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa Old Moshi, Kilimanjaro, kuonyeshwa mti ambao Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapo, na wenzake mwaka 1900. Nakumbuka mzee aliyetusimulia alivua kofia, akaweka kiganja kwenye gome la mti, akasema kichwa kilipelekwa Ujerumani na mjukuu wake anakitafuta mpaka leo. Hakuna aliyecheza njia nzima tukirudi. Februari 2022 Wahawaii walienda wenyewe Berlin wakakabidhiwa mabaki ya watu wao 32, na taasisi iliyowakabidhi ni ileile yenye mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. 2023 vipimo vya vinasaba vikaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na familia za Kilimanjaro zilizo hai. Fuvu la Meli halijapatikana. Kwa hiyo mimi nikiona kundi la vijana wa Hawaii na mabegi yao mgongoni mbele ya jumba la makumbusho Ulaya siwezi kucheka, natamani wa kwetu wangekuwa nao kwenye foleni ileile.

Na shemeji yangu kwao ni Old Moshi. Kila Desemba tukipanda kwenda nyumbani, huo mti anapita jirani yake.