Staa akitoka, aingie wa kufanana naye au wa tofauti?

Kuna ubishi mmoja wa basketi nimekuwa nao na washkaji zangu miaka sasa, na kila usajili ukianza unarudi upya. Unatafuta mtu wa kukaa nyuma ya staa wako, je unachukua anayecheza kama yeye ili akitoka kusiwe na kitu kinachobadilika, au unachukua wa aina nyingine kabisa ili wapinzani wakishaanza kumzoea staa unawageuzia mchezo? Wengi wanajibu fasta "wa kufanana naye". Mi siko huko, au tuseme siko huko siku zote.

Nimeshawahi kuwa sab wa hivyo mwenyewe. Pointi gadi wetu, yaani yule anayeongoza mchezo na mpira mkononi, alikuwa na spidi ya ajabu, ukipepesa tu macho keshafika chini ya ringi, mi nilikuwa mzito kidogo ila najua kupasia na najua kutuliza mchezo. Kocha akinisimamisha ananishika bega ananiambia "kimbiza kama mwenzio". Basi naingia nakimbiza, mpira wa kwanza napokonywa, wa pili najichomeka katikati nakuta jamaa wawili wananisubiri wamepanua mikono, wa tatu nasikia benchi letu wenyewe linaguna, dakika nne tu nishakaa nimejifunika taulo kichwani. Sasa kuna mechi kocha alikuwa bize kubishana na refa akasahau kunipa maneno yake, nikaingia nikacheza vyangu, polepole, mpira kwa senta, yule mrefu wa chini ya ringi, senta anarudisha, naangalia, napasia tena. Wale mabeki walishazoea kukimbia nyuma kumsubiri mwenzangu, kwangu wakawa hawajui wasogee au wabaki. Siku hiyo nilicheza mpaka kota ikaisha.

Tatizo la kutafuta wa kufanana na staa ni kwamba angekuwa anafanana naye kweli asingekuwa benchi, angekuwa staa kwingine na analipwa hela za kistaa. Unachopata wewe ni fotokopi ya wino unaoisha. Halafu wapinzani wametoka kuhangaika na mwenyewe dakika kumi nzima, miguu yao imeshazoea ile mikato yake, ndo unawaletea mikato ileile ila imepunguzwa spidi, si unawapumzisha jamani?

Golden State, timu ya NBA, ligi kubwa ya basketi Marekani, walilielewa hili mapema. Nyuma ya Stephen Curry, staa wao wa mashuti ya mbali, waliweka Shaun Livingston, jitu la mita mbili ambalo mashuti ya mbali ya pointi tatu lilikuwa halina hata hamu nayo. Kazi yake alikuwa anamrudisha beki mfupi kwa mgongo, taratibu, mpaka karibu na ringi, anageuka, anaruka, anaachia mpira juu ya kichwa cha mtu. Hebu jiweke kwenye viatu vya huyo beki, umetoka kumkimbiza Curry nje ya mstari, skrini za wenzake wanaosimama kukuziba njia zimekuumiza mbavu, pumzi huna, mara jitu linakuegemea. Ubingwa wa 2015, 2017 na 2018 Livingston alikuwepo.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "na Poole je?" Ni kweli, 2022 walibeba tena wakiwa na Jordan Poole, na huyo alikuwa anamwiga Curry kila kitu, mashuti ya mbali, mpira mkononi, vurugu. Ila kumbuka Poole dakika nyingi alikuwa uwanjani PAMOJA na Curry, na hapo kufanana ni dhahabu sababu beki hajui afuate moto gani. Kufanana na mtu unayecheza naye na kufanana na mtu unayempokea ni mambo mawili tofauti, na watu wanayachanganya kila siku.

Mahali ninapolegeza msimamo ni kwa senta. Senta ndo mlango wa nyumba, wenzake wanne wanakaba wakijua mtu akiwapita kuna mti mrefu nyuma, na tabia hiyo huwezi kuwabadilishia kila dakika sita. Dallas ya 2011 ndo mfano ninaoupenda kuliko yote sababu walifanya vyote viwili kwenye kikosi kimoja. Tyson Chandler akipumzika anaingia Brendan Haywood, mrefu mwingine wa kulinda ringi, mabeki wala hawashtuki. Lakini kwa magadi walikuwa na Jason Kidd wa miaka 38, mtu wa pasi na hesabu, halafu nyuma yake J.J. Barea, kafupi, kanapenya kama panya kwenye gunia. Fainali Miami wakiongoza 2-1, kocha Rick Carlisle akamtoa DeShawn Stevenson kwenye watano wa kuanza akamweka Barea acheze sambamba na Kidd. Dallas wakashinda tatu mfululizo wakabeba.

Ila hata kwa senta, fotokopi inafaa msimu wa kawaida ambapo leo unacheza na huyu kesho na yule, hamna mwenye muda wa kukuchunguza. Kwenye mtoano timu moja inakukodolea macho mpaka mechi saba. Utah 2021 walimaliza na rekodi bora NBA nzima, Rudy Gobert ringini, na akitoka anaingia Derrick Favors, mlinda ringi mwingine. Kwenye mtoano wapinzani wao Clippers wakaweka watu watano wote wa kushuti, Gobert akawa anachagua abaki ndani au atoke nje, na kila alichochagua kilikuwa kibaya, mechi ya sita Terance Mann wa Clippers akawatwanga pointi 39. Ukiangalia benchi la Utah siku ile hamna senta wa aina nyingine wa kujaribu hata dakika tano.

Gobert huyohuyo alipoenda Minnesota akakuta Naz Reid, senta wa mashuti ya mbali na mpira mikononi, yaani hawafanani hata kidogo, na 2024 Reid akachukua tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Mwaka huohuo wakamtoa bingwa mtetezi, Denver, kwenye mechi ya saba. Jamaa yangu mmoja bado anasema Favors alionewa, hakupewa dakika za kutosha. Dakika za kufanya nini, hilo hajawahi kunijibu.