Shoti ya kaunta inaanzia pale vifaa vinaponunuliwa

Dada wa kaunta katika baa moja Sinza, Dar es Salaam, amekatwa mshahara kwa shoti, yaani upungufu wa pesa, iliyosababishwa na printa. Ripoti nimeiona mwenyewe. Mfumo wa mauzo unadai pesa nyingi kuliko alizokabidhi, lakini kwenye friji kuna bia nyingi kuliko mfumo unavyosema. Zidisha bia zilizozidi kwa bei yake, unapata shoti yote mpaka shilingi ya mwisho. Aliyeiba bia haiachi kwenye friji! Mhudumu alipiga oda kwenye kifaa chake cha mkononi, printa ya kaunta ikakaa kimya. Akapiga tena, kimya. Ya tatu ikatoka. Mfumo ukaandika oda tatu, mteja akanywa na kulipa moja, na usiku kama huo ukajirudia mwezi mzima.

Bosi akasoma safu ya pesa peke yake, akakata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu kukata kirahisi hivyo. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe sababu kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Dada huyu hakuandikiwa hata mstari mmoja. Apigiwe hesabu upya na arudishiwe pesa yake.

Baada ya hapo tuzungumzie manunuzi, maana tatizo limeanzia huko. Wenye baa wengi ninaowafahamu wananunua kinyumenyume. Mtu anashuka Kariakoo, anaona kifaa cha mkononi cha bei nzuri, duka la pili anachukua printa, kisha ndipo anatafuta kijana wa programu aje aviunganishe. Chagua programu kwanza. Mwambie mwenye programu akupe kwa maandishi orodha ya vifaa na printa alizozijaribu yeye mwenyewe, namba za modeli zikiwemo, ndipo uende dukani. Akikujibu kwamba programu yake inakubali printa yoyote, tafuta mwingine.

Muuzaji atakuonyesha boksi limeandikwa Bluetooth, na watu wanaridhika hapo. Haitoshi hata kidogo. Printa nyingi ndogo za risiti zinatumia Bluetooth ya zamani, ile inayopitia njia ya mawasiliano iitwayo SPP. Simu na vifaa vya Android vinaifungua bila shida. iPhone haiifungui kwa programu ya kawaida isipokuwa printa iwe imepitishwa na Apple, kwa hiyo bosi anayetaka kuchapa ripoti kutoka kwenye iPhone yake atahangaika usiku kucha na printa ambayo ni nzima kabisa. Halafu hata vikishaungana, yapo maagizo yenyewe ya kuchapa. Printa za risiti kwa sehemu kubwa zinafuata lugha ya maagizo iitwayo ESC/POS, iliyotoka kampuni ya Epson. Za lebo zina maagizo yake: watengenezaji Zebra wana ZPL, TSC wana TSPL. Ukituma lebo ya ZPL kwenye printa ya risiti, inakutolea karatasi ndefu iliyojaa ^XA na ^FD, na mhudumu anadhani mashine imeharibika.

Upana wa karatasi nao unaumiza watu. Printa ya milimita 58 kwa kawaida inaingiza herufi 32 kwenye mstari, ya milimita 80 inaingiza 48. Programu iliyopangwa kwa 48 ikichapa kwenye 32, bei inaangukia mstari wa chini, na kwenye karatasi ya kuhesabia stoo idadi ya bia ya Safari inasomeka kama ya Kilimanjaro. Saa nane usiku, mtu amechoka, taa hafifu, atasoma kilichoandikwa. Kesho yake anaitwa mwizi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu umeme, maana printa ya Sinza ilikuwa inanyamaza kwa sababu hii. Printa ya kaunta imeunganishwa kwa waya kwenye ruta, na ruta ndiyo inayoigawia anwani ya mtandao. Siku ya kufunga mfumo, fundi aliiandika anwani hiyo kwenye programu, ikachapa, wakapongezana, akaondoka. Umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikaanza kugawa anwani upya, na ile ya printa ikapewa simu ya mteja aliyeomba waifai. Vifaa vya wahudumu vinaendelea kutuma oda kwenye anwani ya zamani, hakuna anayepokea, na printa imewaka taa ya kijani kama kawaida. Mtu anazima, anawasha, mara nyingine inabahatika kurudia anwani yake, mara nyingine hapana. Dawa yake ni kuitengea printa anwani isiyobadilika na kuwawekea wateja waifai yao ya pembeni. Kazi ya dakika chache! Fundi hakuifanya, na aliyeilipia ni dada wa kaunta.

Hata anwani ikikaa sawa, karatasi itaisha katikati ya shughuli, na hapo programu nzuri inajulikana. Kutuma oda na kuchapa oda lazima viwe vitu viwili tofauti. Oda ikishaingia ina namba yake. Printa ikigoma, mhudumu anabonyeza "chapa tena" na namba inabaki ileile, mauzo yanabaki yaleyale. Programu inayomlazimisha apige oda upya ili apate karatasi haifai kuingia baa, hata kama ni ya bure.

Kwenye kuskani kuna mtego mwingine. Vifaa vingi vinaweza kusoma msimbopau na kuuingiza kama vile mtu ameuandika kwa kibodi. Inafanya kazi na karibu programu yoyote, ndiyo maana mafundi wanaipenda. Lakini kama kidole kimeacha alama ya kuandikia kwenye sehemu ya idadi, tarakimu 13 za msimbo zinaingia pale, na stoo yako inapokea matrilioni ya chupa. Zebra wana programu ya vifaa vyao iitwayo DataWedge, inayoweza kuupeleka msimbo moja kwa moja kwenye programu bila kupitia kibodi. Muulize mwenye programu kama yake inapokea hivyo. Muulize pia kuhusu stempu za kielektroniki za mamlaka ya mapato, TRA, zilizoanza kutumika mwaka 2019. Chupa ya pombe kali ina msimbo wa bidhaa na ina stempu, na skana ikidaka stempu mfumo utasema bidhaa haijulikani. Kijana wa stoo ataandika kwa mkono, atakosea.

Kreti na chupa: programu ijue kubadilisha kimoja kuwa kingine. Konyagi inayouzwa kwa toti hivyohivyo, chupa iwe toti.

Vifaa vya mitumba vyenye Windows ya mkononi viacheni, Microsoft walimaliza kuvihudumia Januari 2020.

Nakiri, ingawa sivipendi sana, vile vifaa vya Android vyenye printa ndani yake kama Sunmi V2 vinaondoa nusu ya matatizo haya. Hakuna Bluetooth ya kuunganisha wala anwani ya kupotea. Ila karatasi ni ya milimita 58, na kikianguka kwenye maji ya barafu umepoteza skana na printa kwa mpigo mmoja. Baa ndogo yenye kaunta moja na wahudumu wawili, chukueni. Na kama mauzo yenu ni kreti chache kwa siku, daftari lililohesabiwa na watu wawili, wote wakasaini, bado linamtendea mfanyakazi haki kuliko mfumo uliofungwa ovyo.

Risiti ya TRA msiichanganye na karatasi ya oda. Ile inatoka kwenye EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, au mfumo uliosajiliwa, na ina QR ya kuhakikia, kwa hiyo printa itakayotumika iweze kuchapa QR inayosomeka.

Siku ya kupokea vifaa, msilipe yote. Jaribuni palepale baani, kwa chupa zenu zenyewe zikiwa na umande wa friji. Pigeni oda, ng'oeni karatasi kwenye printa, pigeni nyingine, rudisheni karatasi, mchape tena. Kisha zimeni swichi kuu, subirini kidogo, washeni. Mtu wa kaunta awepo na ahesabu mwenyewe, mauzo na chupa. Vikilingana, asaini yeye kwanza, halafu fundi alipwe kilichobaki.