Aspirini ya kila asubuhi na chembe sahani zinazosingiziwa

Wazee wengi mtaani humeza aspirini ya miligramu 75 baada ya chai ya asubuhi, ati kulainisha damu. Hawajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Ukiwauliza, watakwambia damu yao ni nzito. Lakini dawa hiyo haigusi uzito wa damu. Inazigusa chembe sahani, vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha, na hizo zimesingiziwa mno.

Jikate kidole ukimenya kitunguu. Chini ya utando laini wa ndani ya mshipa kuna tishu unganishi yenye nyuzi za kolajeni, ambazo mshipa ukiwa mzima hazikutani na damu kabisa. Kisu kikipita, zinabaki wazi. Protini iitwayo von Willebrand inajinasa kwenye nyuzi hizo na kuzidaka chembe sahani zinazopita kwa kasi. Zikiishika kolajeni, zinabadilika umbo, zinachomoza vimikono na kumwaga kemikali za kuitana, ikiwemo thromboksani. Baada ya dakika chache, damu imekata, nawe unaendelea kupika.

Wanaoziogopa wana hoja ya kweli. Mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa wa moyo yakipasuka, kolajeni inaachwa wazi vilevile, na chembe sahani zinakimbilia kuziba kama zilivyoziba kidole. Safari hii njia ya damu ndiyo inayozibwa. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au aliyewekewa kijibomba cha kuzibua mshipa, aspirini inamlinda, na asiiache bila kauli ya daktari.

Ila mzee ambaye hajawahi kuugua moyo je? Aspirini huzima kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haiwezi kuunda kingine. Imelemazwa kwa umri wake wote uliobaki, na umri huo kwa jumla ni siku 7 hadi 10 tu. Na dawa haichagui mahali. Chembe iliyozuiwa kwenye moyo imezuiwa pia kwenye kidonda cha tumbo na kwenye kamshipa ka ubongo.

Utafiti wa ASPREE, uliotolewa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, wasio na historia ya maradhi ya moyo. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, maradhi ya moyo na mishipa yaliwapata 10.7 waliomeza aspirini na 11.3 waliomeza vidonge visivyo na dawa. Tofauti ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Waliovuja damu vibaya walikuwa 8.6 kwa 6.2. Pengo la 2.4 linaonekana dogo. Lizidishe kwa miaka 5: katika wazee 1,000, kama 12 zaidi wanavuja damu tumboni, kichwani au kwingineko, watu waliokuwa hawaumwi moyo. Hao 12 siwezi kuwapuuza.

Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya maradhi lilipendekeza mtu wa miaka 60 na zaidi asianzishiwe aspirini ya kujikinga tu. Kwa wenye miaka 40 hadi 59 walio katika hatari kubwa, liliacha mlango wazi: mgonjwa na daktari wake wapime pamoja. Naona ni sawa. Lakini mzee aliyeanza mwenyewe kwa ushauri wa jirani akibebe kile kidonge hadi kliniki, akaulize: kuna mshipa wangu wowote uliowahi kuziba?