Tela Lenye Kwikwi

Kilichoniponza ni neno moja la Kiingereza lililoandikwa ubavuni mwa boksi, ambalo fundi wangu wa umeme wa magari kule Ilala alinitafsiria kuwa ni "bila waya". Mimi hukodisha maturubai na viti vya shughuli, na tela langu, lililotoka Marekani likiwa limeshatumika, lina breki za umeme: ndani ya kila drami imo sumaku ambayo, ikipata umeme, huing'ang'ania drami na breki hubana. Pasipo kifaa cha kuzipelekea umeme kutoka kwenye gari, breki hizo ni mapambo tu, nami nilikuwa nimeyavuta mapambo hayo kwa miaka miwili.

Boksi nililonunua ndilo kifaa hicho: huchomekwa kati ya soketi ya gari na plagi ya tela, kisha dereva huliongoza kwa simu kupitia Bluetooth. Nikalichomeka, nikafungua simu, nikasubiri, kimya. Fundi akanitazama kwa huruma.

"Mzee, kisicho na waya ni maongezi ya boksi na simu yako. Sumaku zako mbili zinakula ampea 6, na hizo hazipiti hewani."

Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaufungia fyuzi, kisha akaongeza kibadilishi, kwa sababu Hilux yangu ina taa ya breki mbali na indiketa mbali, ilhali tela langu hutumia taa ileile kwa kazi zote mbili. Boksi hujua kuwa nimekanyaga breki pale linapoona umeme wa taa umefika kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Ukifika upande mmoja tu, maana yake ninakata kona. Aliponieleza hayo niliitikia kwa kichwa, huku kidole changu kikipandisha nguvu ya breki kwenye simu hadi mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeilipia yote.

Jumamosi nilikuwa nikipeleka viti 200 ukumbini Mbezi, na kwa vile bwana harusi ni mtoto wa jirani, nikaingizwa kwenye msafara, nyuma ya pikapu ya matarumbeta. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kuwa msafara wa harusi huwasha hazadi. Nikaziwasha.

Hazadi, kwa bahati mbaya, ni kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Boksi likaamini kwamba nimefunga breki, kisha nimeachia, kisha nimefunga tena, zaidi ya mara moja kila sekunde. Na kwa kuwa lina kihisi kinachopima jinsi gari linavyopungua mwendo, kila mara tela lilipotuvuta nyuma boksi lilijiona limethibitisha. Viti vikawa vinalia kacha, kacha, kacha. Mke wangu alikuwa amepakata ndafu, na mbuzi yule, majani mdomoni, akawa anamwinamia kila mdundo kana kwamba anamwamkia. Wapiga matarumbeta, watu wanaoijua kazi yao, walisikiliza kidogo, kisha ngoma ikaingia kwenye mdundo wa viti vyangu, na akina shangazi waliokuwa kwenye Coaster ya nyuma wakapasua vigelegele.

Kimara trafiki akanisimamisha.

"Mzee, tela lako lina kwikwi?"

"Afande, ni breki. Hazina waya."

Akaniamuru nizime hazadi na nisogee kidogo. Tela likatulia kama mkwe. Niziwashe, kwikwi. Akanirudisha kwenye jaribio hilo mara tatu, ya tatu ikiwa ni kwa ajili ya mwenzake aliyemwita aje kushuhudia, ndipo akaniruhusu niendelee kwa sharti kwamba hazadi nisiziguse tena.

Hivyo, kutoka Kimara hadi Mbezi, gari langu lilikuwa ndilo pekee lisilowasha hazadi katika msafara mzima, hadi shangazi wa bwana harusi akachomoza kichwa dirishani kuniuliza kwa sauti kama nimenuniana na upande wa bibi harusi.